Golikipa hodari haoni kwa hirizi, jicho lake limefundishwa

Ndugu msomaji, katika safu hii ya afya na usafi tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo, malaria na lishe. Leo tutaingia uwanja wa mpira. Huenda wapo watakaouliza, mpira una uhusiano gani na afya? Uhusiano upo, tena mkubwa. Mchezo ni sehemu ya malezi ya mwili, na namna mwili unavyojifunza kutenda jambo kwa ustadi ni elimu ambayo kila mzazi, mwalimu na kijana anaihitaji, awe mchezaji au asiwe.

Kwa wakazi wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, mpira si jambo geni. Mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars, maarufu kwa jina la Banyambala, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam, Simba na Yanga. Mpaka leo wazee waliokuwa wakijaa Uwanja wa Tandale siku zile wakikaa kibarazani hawamalizi kuzisimulia mechi hizo. Swali la kujiuliza ni hili: mchezaji hodari ana nini ambacho mwenzake hana?

Golikipa akiokoa penalti mbili mfululizo, mazungumzo ya mashabiki wakitoka uwanjani huwa ni yale yale. Wapo wanaosema amezaliwa na kipaji. Wapo wanaosema macho yake ni makali kuliko ya watu wengine. Na wapo, tena si wachache, wanaonong'ona kwamba kuna kitu amejifunga kiunoni au kimefukiwa golini.

Kauli hizi tatu zina madhara. Ya kwanza humfanya mtoto aliyekosea mara mbili aambiwe, "Wewe mpira huna," naye akaamini na kuacha mazoezi. Ya pili humfanya kocha asubiri mwenye macho ya ajabu badala ya kumfundisha aliye naye. Ya tatu hupeleka mchango wa timu kwa mganga, wakati timu haina hata mipira mitatu ya kufanyia mazoezi. Hiyo ni ushirikina, na msomaji wa gazeti hili hahitaji kukumbushwa hukumu yake. Tuangalie basi wataalamu waliochunguza jambo hili wamekuta nini.

Nusu sekunde ya penalti

Tuanze na hesabu ndogo. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilometa 90 kwa saa husafiri mita 25 kila sekunde. Kwa hiyo unafika golini kwa sekunde 0.44, yaani chini ya nusu sekunde.

Sasa mtazame golikipa. Binadamu yeyote akiona kitu, inapita takriban sekunde 0.2 kabla misuli yake haijaanza kujibu. Muda huo unahitajika kwa habari kutoka machoni kwenda ubongoni, ubongo ukate shauri, kisha amri ishuke kwenye misuli. Ukiitoa kwenye sekunde 0.44, golikipa anabakiwa na robo sekunde ya kuurusha mwili wake. Goli lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo akisimama katikati, kila nguzo iko mita 3.66 kutoka kwake. Kwa robo sekunde hakuna binadamu anayefika huko.

Hesabu hii inatuonyesha kwamba golikipa anayesubiri auone mpira ukienda ndipo aruke, amechelewa. Anayeokoa mpira wa pembeni ameanza kuondoka kabla mpira haujapigwa, au wakati ule ule unapopigwa. Je, alijuaje uendako? Hapa ndipo mashabiki wengi huleta hirizi, na hapa ndipo elimu inapoanza.

Macho ni yale yale, kinachoonwa ni tofauti

Kwa miaka mingi watu walidhani wachezaji wakubwa wana macho yenye nguvu zaidi na miitikio ya haraka zaidi kuliko wengine. Wengi wao walipopimwa kwa vipimo vya kawaida, kama kusoma herufi ukutani au kubonyeza kitufe taa inapowaka, tofauti kati yao na watu wa kawaida ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa ilijitokeza pale walipoonyeshwa mchezo wao wenyewe.

Mwaka 1978 watafiti Jones na Miles waliwaonyesha watu filamu ya mchezaji wa tenisi akianzisha mpira, wakaikata filamu mapema, pengine hata kabla raketi haijaugusa mpira. Kisha waliwauliza, mpira utaangukia wapi? Makocha wazoefu wa tenisi walijibu vizuri kuliko watu wasiojua mchezo ule, ingawa wote waliangalia filamu ile ile.

Kwa upande wa penalti, mwaka 2002 Geert Savelsbergh wa Uholanzi na wenzake waliwaweka magolikipa mbele ya filamu ya wapigaji, huku kifaa maalumu kikirekodi mahali macho yao yanapotua. Wasio na uzoefu waliangalia zaidi kiwiliwili, mikono na nyonga za mpigaji. Wazoefu waliangalia zaidi miguu yake, yaani mguu unaopiga na ule unaobaki chini, pamoja na eneo la mpira. Aidha, wazoefu walisubiri kidogo zaidi kabla ya kuamua, na wakishaamua hawakuyumba. Wageni waliamua mapema, kisha wakawa wanabadili mawazo njiani.

Kwa nini miguu? Kwa sababu mguu unaosimama kando ya mpira mara nyingi huelekea kule mpira unakotaka kwenda, na paja na goti la mguu unaopiga haviwezi kuficha njia yake mpaka mwisho. Mikono na uso vinaweza kudanganya. Mpigaji anaweza kutazama kulia akapiga kushoto, lakini ni vigumu sana kuusimamisha mguu upande mmoja na kupiga kwa nguvu upande wa pili.

Wenyewe tuna neno zuri kwa jambo hili. Tunasema mchezaji fulani "anausoma mchezo". Anayejua kusoma Kiswahili hatazami herufi moja moja, humpata neno zima kwa mara moja. Mtoto wa darasa la kwanza ana macho mazuri kuliko ya babu yake, lakini babu humaliza ukurasa wakati mtoto bado anaunganisha silabi. Golikipa mzoefu ni kama huyo babu. Si utabiri wa mnajimu, ni dalili ambazo ameziona mara elfu na sasa anazitambua kwa haraka.

Jambo hili lilithibitishwa pia katika mchezo wa chesi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Chase na Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Mabingwa waliweza kwa kiasi kikubwa, wanaoanza walishindwa. Lakini kete zilipotupwa ovyo ubaoni bila mpangilio wa mchezo, ubora wa bingwa karibu wote ulitoweka. Maana yake bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu kwa kila kitu. Alikuwa ameuzoea mpangilio wa mchezo wake. Mcheza bao atatuelewa kwa wepesi.

Kuangalia peke yake hakutoshi

Mtu anaweza kusema: basi nitakaa mbele ya televisheni kila Jumamosi na Jumapili, nitausoma mchezo. Hapana. Mwaka 2008 watafiti wa Italia wakiongozwa na Salvatore Aglioti waliwaonyesha watu filamu fupi za mpira wa kikapu unaorushwa, na kuwauliza kama utaingia. Waliwalinganisha wachezaji, watu wasiojua mchezo, na kundi la tatu la makocha na waandishi wa habari za michezo ambao kazi yao ni kuangalia. Wachezaji waliwashinda wote, na waliweza kukisia kwa usahihi mapema zaidi, kwa kuangalia mwili na mkono wa mrushaji kabla mpira haujamtoka.

Funzo lake ni kwamba anayetenda huona kwa namna ambayo mtazamaji peke yake hawezi kuifikia. Mwili uliowahi kufanya tendo lile hulitambua haraka unapoliona kwa mwingine.

Hapa Rungwe tunao ushahidi wa kila siku. Nenda kwenye mashamba ya chai, mathalani kule Katumba, umtazame mama aliyechuma kwa miaka 20. Mikono yake miwili inachuma majani mawili na chipukizi bila kusita, huku akizungumza na mwenzake wa mstari wa pili. Jicho lake limeshatangulia kwenye chipukizi linalofuata wakati vidole vinamalizia la kwanza. Ukimwuliza anafanyaje, atacheka na kusema, "Ni mazoea tu." Mgeni atakayeingia shambani siku hiyo hiyo ataona ukijani mtupu, na atachuma yaliyokomaa pamoja na machanga. Macho yake ni mazima, ila bado hayajafundishwa.

Ndani ya ubongo, kila tendo linaporudiwa njia za mishipa ya fahamu zinazohusika huimarika. Sehemu ya nyuma ya ubongo inayoitwa serebelamu hulinganisha kile mwili ulichokusudia na kile kilichotokea, na kurekebisha kidogo kidogo. Kwa hiyo kosa si aibu. Kosa ndilo linaloupa ubongo habari ya kujirekebisha.

Mrusha mkuki wa Kenya

Mfano ulio karibu nasi ni wa Julius Yego wa Kenya. Nchi yake inajulikana kwa mbio ndefu, na alipoanza kurusha mkuki hakuwa na kocha wa mchezo huo. Akawa anaingia katika duka la intaneti kuangalia video za warushaji wakubwa wa Ulaya, Jan Železný wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway. Akiona namna mguu unavyokanyaga na mkono unavyobaki nyuma, anatoka kwenda kujaribu mwenyewe. Baadaye alipata nafasi ya kufanya mazoezi Finland chini ya kocha. Mwaka 2015 mjini Beijing alikuwa bingwa wa dunia kwa kurusha mita 92.72, na mwaka 2016 akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Zingatia mpangilio wake. Aliangalia akiwa na swali kichwani, akaenda kutenda, akarudi kuangalia tena, na alipopata mwalimu alimtumia. Kijana anayeangalia mechi kwenye kibanda cha video akipiga kelele tu hafanyi alichofanya Yego.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba kila mwenye bidii atakuwa bingwa wa dunia. Urefu, nguvu, lishe ya utotoni na maumbile vina nafasi yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2014 na Macnamara na wenzake ulionyesha kuwa wingi wa mazoezi ya makusudi peke yake ulieleza takriban asilimia 18 tu ya tofauti za ubora kati ya wanamichezo. Tunachosema ni kwamba karibu kila mtoto anaweza kuwa bora sana kuliko alivyo sasa, na kwamba namna ya kufanya mazoezi ina uzito kama ulivyo wingi wake.

Namna ya kumfundisha mtoto

Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth waliwafundisha watoto wa miaka minane kutupia shabaha vifuko vyenye maharage. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali mmoja tu, karibu sentimeta 90. Kundi la pili lilibadilisha, mara sentimeta 60, mara 120, wala halikugusa ule umbali wa 90. Siku ya mtihani wote walipimwa kwa umbali wa 90. Waliofanya vizuri zaidi ni wale waliobadilisha, ingawa umbali huo hawakuuzoea.

Kwa mantiki hiyo, kumpanga mtoto apige penalti 50 za aina moja kutoka sehemu moja humpendeza kocha, kwa kuwa zile za mwisho zinaonekana nzuri. Lakini mechini mpira hauji mara mbili kwa namna moja. Yafuatayo yanaweza kufanywa katika uwanja wowote, hata wa shule ya msingi iliyo mlimani:

1. Changanya mazoezi. Pasi fupi, kisha ndefu, kisha krosi, na urudi tena. Makosa yataongezeka mwanzoni, lakini kinachojifunzwa hukaa.

2. Usiidharau chandimu. Watoto wanne kwa wanne katika nafasi ndogo, kwa mpira wa makaratasi na kamba za migomba, wanagusa mpira mara nyingi na kuamua mara nyingi kuliko 11 kwa 11 katika uwanja mkubwa ambako mtoto anaweza kukaa muda mrefu bila kuuona mpira.

3. Mfundishe golikipa pa kutazama. Mpigaji asogee, apige, na golikipa aseme kwa sauti "kulia" au "kushoto" kabla mguu haujagusa mpira. Mwanzoni hata asiruke. Anafundisha jicho.

4. Simamisha mchezo na uulize. Badala ya kufoka, "Kwa nini umempa yule?" muulize, "Uliona nini?" Mara nyingi utagundua kosa halikuwa mguuni. Hakugeuza kichwa kuangalia kabla ya kupokea mpira.

5. Maelekezo yawe machache. Mtoto anayeambiwa mambo matano kuhusu goti, kifundo, bega, mkono na kichwa hushindwa kupiga kabisa. Mwonyeshe pa kuupeleka mpira, mwili utatafuta njia.

6. Mtoto asifungwe katika mchezo mmoja mapema mno. Kukimbia, kuruka kamba, rede na kuogelea vyote vinajenga mwili unaojua kujipanga. Na hili ni kwa wavulana na wasichana.

Afya ya mwanafunzi wa mchezo

Jicho na mwili havijifunzi katika afya mbovu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kipindi cha baada ya sala ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi kinatosha, bila kugusa masomo wala madrasa.

Usingizi ni sehemu ya mazoezi. Mtu akilala, ubongo huendelea kuimarisha alichojifunza mchana. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayekesha na simu anapoteza sehemu ya alichofanyia jasho.

Macho yapimwe. Tumesema bingwa hashindi kwa macho makali, lakini macho yenye kasoro ni kikwazo. Mtoto anayekosa kila mpira unaorushwa, anayekunja uso akisoma ubaoni, asiitwe mzito. Apelekwe hospitali akapimwe, huenda tatizo lote ni miwani.

Kupasha mwili joto kusirukwe. Tukuyu ni mahali pa baridi na mvua nyingi, na viwanja vinateleza. Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lina mpango wa mazoezi ya dakika 20 uitwao 11+, unaojumuisha kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri. Tafiti zimeonyesha kuwa timu zinazoufuata mara kwa mara hupata majeruhi wachache. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira.

Usafi wa majeraha nao una umuhimu wake. Viwanja vyetu vingi hulishiwa ng'ombe, na watoto wengi hucheza pekupeku. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama. Aliyechubuka au kuchomwa aoshe jeraha mara moja kwa maji safi na sabuni, asipake udongo wala majivu, na aende kituo cha afya wakaangalie kama anahitaji chanjo.

Tena aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa au kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi atoke, na asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama timu inafungwa. Akitapika, akiona vitu viwili viwili au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Zaidi ya mpira

Ustadi huu wa kuona mapema hauishii golini. Barabara ya Uyole kwenda Kasumulu inayopita Tukuyu ina kona, miteremko na ukungu, na vijana wetu wengi huipita kwa bodaboda. Dereva mzoefu na makini huona mtoto aliyesimama kando ya barabara na kuangalia ng'ambo, au lori linalopunguza mwendo kwenye mteremko, akaanza kujiandaa mapema. Mgeni hushtuka hatari ikiwa miguuni. Uingereza ililitambua hili, na mwaka 2002 ikaongeza katika mtihani wa leseni sehemu ya filamu za barabarani, ambapo mtahiniwa hubonyeza kitufe pindi anapoona hatari inaanza kujitokeza. Anayemfundisha mdogo wake pikipiki angeweza kumpakia nyuma kwanza, na kumtaka ataje kila hatari anayoiona njiani, kabla hajampa usukani.

Ndugu msomaji, tumeona kwamba golikipa aliyeokoa penalti ameona mguu, si kwamba ameona ghaibu. Jicho lake lilikuwa kama letu, likafundishwa kwa kutenda, kukosea na kurudia. Basi timu ikikusanya mchango wiki hii, fedha ile inunue mpira wa pili na sabuni ya kuoshea majeraha. Na mtoto akirudi nyumbani amefungwa mabao manne, asiambiwe mpira hana. Aulizwe kwa upole: mpigaji alipokuja, wewe ulikuwa unatazama wapi?